Mzee Safarini Usiku

Karibuni tena katika darasa letu la watu wazima. Nawasalimu ninyi mlioketi Sumbawanga mjini, na ninyi wa Laela, Matai na Namanyere, na wale wa mbali kabisa kule chini ziwani, Kasanga na Kipili. Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio katikati ili bibi walio nyuma wasikie vema. Madaftari yawe karibu, lakini msiandike kwanza. Sikilizeni.

Leo tutazungumza juu ya safari ya usiku, na hasa safari ya usiku ya mtu mwenye umri mkubwa. Kwa nini jambo hili? Kwa sababu mambo ya safari yamebadilika. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria katika nchi yetu yalikatazwa kusafiri usiku kucha. Mwaka 2023 katazo hilo liliondolewa. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na hakuna basi linaloweza kuimaliza njia hiyo kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Kwa hiyo mzee anayekwenda kumwona mjukuu, au anayepelekwa hospitali ya Muhimbili, lazima atakutana na giza mahali fulani. Pengine ni wakati wa kuondoka, pengine ni wakati wa kufika, na pengine ni nyakati zote mbili.

Tuanze na kuondoka. Sisi wa Ufipa tunaishi upande wa magharibi wa nchi, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Matokeo yake ni kwamba jua letu huchelewa. Mwezi wa Juni, hapa Sumbawanga, jua halichomozi mpaka yapata saa 1 asubuhi. Basi linaloondoka saa 11 alfajiri linaondoka saa mbili nzima kabla ya jua, na mzee anayekaa mbali na stendi itambidi atoke nyumbani saa 9 au saa 10 za usiku. Na ni baridi kweli kweli, maana mji wetu uko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kule Dar es Salaam mambo ni kinyume. Jua la huko huzama karibu nusu saa kabla ya jua la hapa. Mtu akisema, "Nitafika saa 12 na nusu jioni, bado kutakuwa na mwanga," anapima kwa jua la nyumbani. Huko atakuta taa zimekwisha kuwashwa.

Sasa tuitazame tiketi. Hapa ndipo kusoma kunapoleta faida yake, nami nitakaa kidogo juu ya jambo hili.

Katika tiketi mtaona tarakimu kubwa za saa. Wako makarani wanaoandika saa za Kiswahili, na wako wanaoandika saa za Kizungu. Ukiona 06:00, hiyo ni saa 12 asubuhi. Ukiona 05:00, hiyo ni saa 11 alfajiri. Lakini ukiona 11:00, angalia! Yawezekana karani alikusudia saa 11 alfajiri kwa Kiswahili, na yawezekana ni saa za Kizungu, yaani saa 5 asubuhi. Tofauti ni saa sita. Mmoja atakaa stendi kutwa akingoja, na mwingine atakuta vumbi la basi tu. Usione haya kumwuliza karani, "Mwanangu, ni kabla ya jua kutoka au baada ya jua kutoka?" Swali hilo halina njia mbili za kulijibu.

Tena kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wasomi. Kwa hesabu ya Kizungu siku mpya huanza saa 6 ya usiku. Sisi wengi tunahesabu usiku pamoja na siku inayofuata, lakini wako vijana wanaohesabu usiku pamoja na siku iliyokwisha. Sasa chukua tiketi iliyoandikwa tarehe 15, saa 00:30. Maana yake ni saa 6 na nusu ya usiku, usiku ule wa kuamkia tarehe 15. Mzee lazima awe stendi tangu jioni ya tarehe 14. Akienda jioni ya tarehe 15, basi lake lilikwisha kuondoka karibu siku nzima iliyopita, na nauli yake imepotea. Mwalimu, yafaa uandike mfano huu ubaoni baada ya kipindi, maana kwa kusikia tu hauingii vizuri.

Jambo jingine la kusoma ni namba ya gari. Basi huwa na herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pikipiki huwa na herufi MC mwanzoni. Mzee anayejua kusoma namba ya basi alilopanda hatapanda basi jingine linalofanana nalo baada ya kushuka kujisaidia njiani. Usiku mabasi yote hufanana. Rangi hazionekani, lakini namba iko nyuma na mbele, na mara nyingi ina mwanga.

Haya, mmepanda na mmefika. Mlango wa basi umefunguliwa na nje ni giza. Hapa ndipo wazee wengi huanguka, na sababu si uzembe. Ni jicho.

Jicho la mtu huzeeka kama goti linavyozeeka. Ile mboni nyeusi ya katikati, ambayo gizani hupanuka ili iingize mwanga, kwa mzee haipanuki sana. Na lenzi ya ndani huanza kuwa na rangi ya manjano, na kwa wengine hufunikwa na ukungu tunaouita mtoto wa jicho. Wataalamu wa macho husema kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Fikirini basi: kijana na babu yake wanasimama mahali pamoja, chini ya taa moja, lakini kila mmoja ana usiku wake. Kijana anamwambia babu, "Twende, njia inaonekana." Anasema kweli. Na babu akisema haioni, naye anasema kweli.

Zaidi ya hayo, jicho lililotoka kwenye mwanga halioni mara moja gizani. Huhitaji muda, na jicho la mzee huhitaji muda mrefu zaidi. Kuzoea giza kabisa huchukua karibu nusu saa. Kwa hiyo basi likisimama, usikurupuke. Acha vijana washuke kwanza, wanaharaka zao. Miguu yako nayo imekaa ikining'inia saa nyingi na imevimba, basi ikanyage kwanza hapo hapo ndani, uishike nguzo, kisha ushuke kwa kutanguliza mguu wenye nguvu pungufu, mkono mmoja ukishika chuma cha mlango. Mzigo autoe mwingine. Mikono miwili ikishika kapu, hakuna wa kukushika wewe. Ukifika chini, simama pembeni kidogo mpaka macho yaelewe mahali ulipo. Taa za gari zikija mbele yako, usizitazame. Tazama ukingo wa barabara mpaka zipite.

Tochi ni bora kuliko taa ya simu. Simu hulegea chaji, tena ukiinua simu yako gizani unawaonyesha watu kwamba unayo. Mulika chini, hatua mbili mbele ya miguu yako. Usimmulike mtu usoni, maana ni ufidhuli, na pia hutajua atafanya nini akikasirika.

Kitu kikubwa cha kukimulika ni mtaro. Miji yetu yote iliyotengenezewa barabara za lami ina mitaro ya maji ya mvua kando ya njia, na mingi iko wazi, ya saruji, yenye kina cha kumvunja mtu nyonga. Nyonga ya mtu wa miaka 70 ikivunjika si jambo la wiki mbili. Wengine hawasimami tena. Nimesema juu ya mitaro, nikakumbuka kwamba huko Ulaya iko miji ambayo njia zake zina maji badala ya mitaro. Mji wa Venice, katika nchi ya Italia, hauna motokaa ndani yake. Watu huenda kwa miguu na kwa mashua, na kuna madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa na ngazi. Mji wa Amsterdam, Uholanzi, una mifereji mikubwa katikati ya mitaa, na mahali pengi hapana ukuta wala uzio kando ya maji, na baiskeli hupita kwa kasi bila kelele. Wazee wa nchi mbalimbali huenda kuitembelea miji hiyo, na usiku wao huulizana mambo yale yale tunayoulizana sisi: ukingo uko wapi, ngazi inaishia wapi, na je, nirudi kwa miguu au nilipe chombo? Wenye busara hutembea upande wa nyumba, mbali na maji, na jioni hawaongezi mwendo hata wakichelewa. Mtaro wetu hauna maji ila wakati wa masika, lakini shauri ni lile lile.

Ila sisi tunayo hatari moja zaidi. Ukiuhama mtaro unakwenda kwenye bodaboda! Basi kumbukeni kwamba magari yetu hupita upande wa kushoto. Mwenye kutembea kwa miguu apite upande wa kulia, ili gari lililo karibu naye limjie usoni, si mgongoni. Na avae kitu cheupe. Bibi mwenye kanga nyeupe mabegani huonekana tangu mbali, lakini babu mwenye koti jeusi la baridi haonekani mpaka gari limemfikia.

Nitasema kidogo juu ya stendi. Dar es Salaam stendi kuu ya mabasi ya mikoani haiko tena Ubungo. Tangu mwaka 2021 iko Mbezi Luis, kando ya barabara ya Morogoro, nayo inaitwa Stendi ya Magufuli. Ninasema hivi kwa sababu mzee aliyesafiri mara ya mwisho zamani atamwambia mwanawe, "Nipokee Ubungo," na watapishana usiku. Ukishuka utazungukwa na watu wanaokuita baba, mama, mjomba, wakinyakua mzigo. Wengi wao wanatafuta riziki yao ya halali. Lakini mwenye haraka kuliko wewe mwenyewe, usimpe mzigo. Ketini chini ya taa, karibu na mama muuza chai au karibu na askari, mkamngoje mwenyeji hapo. Asipokuja, kaeni mpaka kupambazuke. Wengi huona aibu kulala kwenye benchi. Mimi naona ni afadhali benchi lenye taa kuliko kutafuta nyumba usiyoijua saa 9 za usiku. Namba ya polisi ya dharura ni 112. Ni tarakimu tatu tu, hata aliyeanza darasa mwezi huu anaweza kuziandika.

Juu ya chakula cha mgeni mwenzio ndani ya basi, nadhani mmekwisha kusikia habari za watu waliopewa soda au biskuti, wakaamka hawana fedha wala mzigo. Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kutokataa chakula cha mtu, na mzee huona vibaya kumkatalia kijana anayempa kwa mikono miwili. Basi mwambie kwa upole, "Ahsante mwanangu, mimi nina masharti ya chakula." Hataudhika kwa hilo, maana mzee asiye na masharti ya chakula siku hizi ni nadra. Na namba ya siri ya fedha za simu usimtajie yeyote, hata akikusaidia kupiga simu.

Bodaboda na bajaji. Kwa mzee bajaji ni nzuri zaidi, ina viti na magurudumu matatu. Pale ambapo ipo bodaboda peke yake, patana nauli kabla hujapanda, soma namba yake kwa sauti ili yeye asikie, na umpigie mwanao umtajie mbele yake. Dereva mwema hatachukia. Akichukia, mwache aende. Akina mama, msikae upande. Kaeni kwa kutanua miguu, na ncha za kanga na vitenge zikunjwe ziwekwe chini ya mapaja, kwa kuwa nguo ikiingia katika gurudumu humvuta mtu chini. Msikubali kuwa watatu juu ya pikipiki moja.

Kwa wale wa ziwani, maneno machache. Kwa miaka mingi wazee wetu walisafiri kwa meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa mwaka 1924 na kutumika tena tangu 1927. Vijiji vingi havikuwa na gati, na abiria waliteremka ndani ya mitumbwi wakati wowote meli ilipofika, hata usiku wa manane. Walioyaona hayo wanajua kwamba hatari haikuwa ndani ya meli, ilikuwa katika ile hatua moja kati ya meli na mtumbwi. Hata leo, penye chombo kidogo usiku, mwulize mwenye chombo jaketi la kuokolea kabla ya kumwuliza nauli. Akiwa hana, au chombo kimejaa, lala pwani.

Sasa nakuja kwenye neno gumu, nami sitalipitia mbali. Mwisho wa safari nyingi si mjini, ni kijijini. Basi limekuacha njia panda saa 4 za usiku, na nyumbani ni mwendo wa saa moja kwa mguu. Njia unaijua tangu utoto. Lakini je, watu wa kijiji unachopita wanakujua? Jina la mji wetu lenyewe watu hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na huko nje tunatajwa kwa utani usiopendeza. Utani huo huwa si utani pale mzee mgeni anapoonekana usiku akipita nyuma ya nyumba za watu. Katika nchi hii wako wazee, hasa akina bibi, waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mambo hayo yalishika sana mikoa iliyo karibu na Ziwa Victoria, lakini hakuna mkoa uwezao kusema mikono yake ni safi kabisa. Macho mekundu ya moshi wa jikoni yalitosha kuwa ushahidi. Waliofanya hayo ndio wenye hatia, si mzee aliyetembea. Hata hivyo ninawaambia ukweli: usipite njia za mkato usiku katika kijiji cha wengine. Pita barabara kuu, tochi ikiwaka, na ukipita karibu na nyumba sema kwa sauti, "Jamani, hamjambo! Napita, mimi ni wa mahali fulani, nimeshuka kwenye basi." Njia ikiwa ndefu, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, piga hodi, omba pa kulala. Kijana anayesikiliza darasa hili pamoja nasi, nawe una kazi: ukisikia hodi ya mzee usiku, toka na taa, msindikize. Usimwulize anatafuta nini saa hizi kabla hujamwamkia.

Na ukilala kwa wenyeji, au katika nyumba ya wageni hapa kwetu wakati wa baridi, usikubali kuwekewa jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Aliyelala nayo haamki. Omba blanketi la pili.

Tumefika kwenye kazi ya kuandika. Kila mwanafunzi achukue karatasi ndogo inayoingia mfukoni. Mstari wa kwanza andika jina lako lote. Mstari wa pili andika kijiji na wilaya yako. Mstari wa tatu andika namba ya simu ya mtu wa kukupokea, tarakimu zote kumi, ukiziacha nafasi kila baada ya tatu ili zisomeke. Mstari wa nne andika ugonjwa ulio nao na dawa unayokunywa, kama ipo. Andika kwa herufi kubwa, na kwa kalamu ya wino, maana penseli hufutika kwa jasho. Mkimaliza, badilishaneni karatasi, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti. Pale atakapokwama, mwenye karatasi aandike upya.

Kisha mwalimu ataandika ubaoni saa hizi tano: 04:00, 05:30, 11:00, 18:30 na 00:30. Mtaje kila moja kwa Kiswahili, na mseme kama hapa Sumbawanga mwezi wa Juni ni giza au ni mwanga. Ile ya nne mbishane kidogo.

Kwaherini. Mwalimu, zima redio sasa, darasa lianze kuandika.